Usiache Mbachao: Kipakatalishi Kikuukuu na Mtafiti wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Nasaha hiyo inawafaa wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaokitazama kipakatalishi kikuukuu kwa jicho la dharau. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kwa kuwa tarakilishi nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, wapo waliodhani kuwa chombo chao kiliaga dunia siku hiyo. Hakikuaga. Kinaweza kuwekewa Linux, ambayo hailipiwi, kikaendelea kuchapa tasnifu. Hata kile ambacho kioo chake kimepasuka, au diski yake ya ndani imejaa pomoni, kingali na uhai, almuradi mwenyewe ajue kukiunganisha na monita na diski ya nje.

Suala hili si la kuokoa fedha pekee. Ndani ya vipakatalishi hivyo mna rekodi za nyanjani: ngano, nyimbo za jando, mahojiano na wazee. Mzee aliyehojiwa mwaka wa 2012 huenda alishazikwa, na sauti yake imebaki katika folda moja isiyo na nakala. Chombo kikiuzwa kama vipuri, hakuna maktaba itakayoirejesha sauti hiyo.

Kuhusu monita, kosa la kawaida ni kununua kebo kabla ya kutazama tundu. Vipakatalishi vingi vya zamani vina tundu la VGA, mtindo ulioanza mwaka wa 1987, lenye vijitundu 15 katika safu 3. Monita nyingi za sasa hutumia HDMI, ambayo toleo lake la kwanza lilitangazwa mwaka wa 2002. VGA hubeba picha kwa mawimbi ya analogia ilhali HDMI huibeba kwa tarakimu. Kwa hiyo kebo tupu yenye ncha hizo mbili haitoshi. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ndani yake, tena kinachotoka VGA kwenda HDMI, maana kile cha kinyume chake hakiifanyi kazi hiyo. VGA haibebi sauti pia. Aghalabu njia nyepesi ni kutafuta monita kuukuu yenye VGA yake. Kuanzia Windows 7, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P huleta chaguo la kuipeleka picha kwenye monita. Na hapa pana faida wasiyoitaja mafundi wengi: monita ikionyesha picha safi ilhali kioo cha kipakatalishi ni giza totoro, aghalabu ubovu u katika kioo, taa yake au waya wake, wala si katika ubao mkuu. Mwenye kulijua hili hatozwi kwa urahisi bei ya ubao mkuu.

Diski ya nje ina vitimbi vyake. Diski ya USB 3.0 yenye plagi ya kawaida huingia katika tundu la USB 2.0, ila kasi hushuka kutoka kikomo cha gigabiti 5 kwa sekunde hadi megabiti 480. Rekodi za gigabaiti 40 huweza kuchukua dakika 20 au zaidi; ni muda wa chai, si sababu ya kukata tamaa. Umeme ndio tatizo zito. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski yenye sahani zinazozunguka ikikosa nguvu hutoa mlio wa tik tik bila kufunguka, na mwenyewe huamini imekufa. Dawa yake ni kigawanyi cha USB chenye umeme wake chenyewe. Isitoshe, diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata iwe tupu kabisa. Video ndefu ya mahojiano itakataliwa papo hapo. Kuipanga upya kwa exFAT huondoa kizuizi hicho, lakini pia hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hufanywa kabla ya kuhamisha, si baadaye. Anayehamisha rekodi kisha akazifuta katika kipakatalishi hajahifadhi chochote. Amebadilisha tu mahali pa kuzipotezea.

Watakuwapo watakaosema kuwa haya ni ya idara ya tarakilishi, si ya Kiswahili. Hoja hiyo haina mashiko. Somo la mbinu za utafiti humfunza mwanafunzi kumhoji msimulizi, kisha humwacha hapo hapo, kana kwamba sauti hujihifadhi yenyewe. Saa mbili za muhula zingetosha kuyafunza haya, tena kwa Kiswahili. Hapo ndipo ingebainika kuwa wakati wanaisimu wakibishana kama ni kompyuta, ngamizi au tarakilishi, tundu lenyewe halijapewa jina wanalokubaliana wote: wengine huliita mlango, na mfasiri mwenye pupa huishia bandarini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya istilahi angeweza kuanzia katika maduka ya Barabara ya Luthuli, Nairobi, akanukuu majina ambayo wauzaji na mafundi huyatumia kila siku wakiulizwa kigeuzi cha VGA.