Kiwango cha Maskini



Katika parokia zetu za pembezoni mwa Dar es Salaam, toka Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi, wamo waamini waliozaliwa katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Baadhi yao hufunika mdomo kwa kiganja wachekapo, maana meno yao yana rangi ya kahawia. Nasi huwacheka, tukidhani hawapigi mswaki. Tunawakosea haki. Meno hayo hayakuharibiwa na uvivu, bali na maji waliyoyanywa wangali watoto.

Maji ya huko hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Yakiwa kidogo huimarisha meno. Yakizidi humwathiri mtoto meno yakiwa bado yanaumbika chini ya ufizi, na doa hilo halifutiki. Akiyanywa miaka mingi, mifupa hukakamaa. Wapo watoto waliopinda miguu. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuongeza madhara. Wala kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi hubaki.

Na figo je? Hapa tuseme kweli bila kutia chumvi. Figo ndizo zitoazo mwilini sehemu kubwa ya floraidi. Zikidhoofika, madini hayo hujilimbikiza mifupani. Kwamba floraidi peke yake ndiyo iharibuyo figo, wataalamu hawajakubaliana. Huko Sri Lanka, ambako tangu miaka ya 1990 wakulima wengi wa nyanda kavu wameugua figo bila kuwa na kisukari, hushukiwa maji magumu yenye floraidi, viuatilifu, na joto la shambani. Lakini je, mkulima aendelee kunyweshwa maji hayo mpaka mabingwa wamalize kubishana? La hasha! Madhara ya meno na mifupa yanatosha kuwa ushahidi.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Shirika la Afya Duniani hushauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchini mwetu, viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye ikawa 4. Ni mwaka 2018 ndipo kiwango cha Taifa kiliposhushwa hadi 1.5. Tunajibiwa kwamba hapakuwa na maji mengine. Tunakiri kuwa nchi ilikuwa maskini. Lakini Mwenyezi Mungu hakumwumbia mtoto wa mkulima mifupa ya chuma. Kiwango kile hakikupimwa kwa mwili wa binadamu, kilipimwa kwa mfuko wa Serikali. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tena, kubadili tarakimu katika karatasi si kusafisha kisima. Kisima chenye miligramu 3 kilikuwa halali mwaka 2017 na haramu mwaka 2018; maji ni yale yale, na mama ni yule yule mwenye ndoo kichwani.

Dawa inajulikana. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimetafiti kwa miaka mingi uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jiji la Arusha limejengewa mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ikiwa fedha zilipatikana kwa ajili ya jiji, kwa nini kijiji kiambiwe kisubiri?

Asiwepo wa kusema, "Hayo ni ya Arusha." Sisi wa Kinondoni na Temeke tunanunua maji ya visima virefu, mara nyingi yenye chumvi, bila kuuliza cheti cha vipimo. Anayenyamaza juu ya kisima cha jirani hana ulimi wa kutetea cha kwake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei: kejeli juu ya meno ikome katika Jumuiya zetu, kila Jumuiya idai vipimo vya kisima inachokitumia, na wabunge waulizwe hadharani ni vijiji vingapi bado vinakunywa maji yaliyozidi 1.5, na lini vitaokolewa.

Umoja wa Mataifa ulitamka mwaka 2010 kwamba maji salama ni haki ya binadamu. Papa Fransisko alifundisha hivyo katika Laudato Si' mwaka 2015. Haki haiombwi kama sadaka. Siku ya hukumu tutaulizwa juu ya mwenye kiu, na pia juu ya kile tulichomnywesha.