Nyumba Yake, Ardhi si Yake

Matokeo ya KCSE yakishatoka, saiba za Likoni na Kisauni hujaa wazazi na watoto wao, wakichagua kozi za chuo. Mama yuko nyuma ya kiti cha mwanawe, buibui limemganda kwa jasho, anauliza ile kozi ya tatu ni ya nini. Akiambiwa Kiswahili na Historia, anaguna. "Weka sheria, mwanangu. Hiyo utakuja kula nini?"

Simlaumu. Lakini huulizwa hivyo kana kwamba sheria iko kisiwani na historia iko Likoni, na feri imeharibika.

Tuitazame nyumba anamolala kijana huyo. Likoni, Kisauni na Changamwe wapo watu wengi waliojenga juu ya ardhi ya mwingine. Babu alielewana na mwenye ardhi, akasimamisha miti, akakandika udongo, mwanawe akaja kutia matofali. Kodi ya ardhi inalipwa. Nyumba ni yao: wanaipangisha, wanairithisha, hata kuiuza. Ardhi si yao. Mnazi ulio uani nao huenda una mwenyewe, mtu wa tatu kabisa.

Sasa mpeleke kijana chuoni. Atafundishwa kanuni iliyotoka Uingereza kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Akiishika hiyo peke yake, nyanya yake ni mvamizi. Ili amtetee itabidi ajue desturi ya Waswahili iliyotenga jengo na kiwanja, na ajue yaliyopita mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya hatimiliki iliyowataka watu wa Pwani wajitokeze kuthibitisha madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Niambie, hapo tunasoma sheria au historia? Ukitaka kuelewa mgogoro wa shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ambao haukutulizwa mpaka Rais Uhuru Kenyatta alipowagawia wakazi hati mwaka 2016, faili la mahakama halikutoshi.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo ninapokereka. Sharti la kusomea sheria ni wastani wa C+ pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Mtoto wa Mtongwe anaweza kuingia kwa Kiswahili chake. Akishaingia, anakivua mlangoni kama viatu: mihadhara Kiingereza, vitabu Kiingereza, na lugha ya Mahakama Kuu kwa mujibu wa sheria ni Kiingereza. Mahakama za chini zinaruhusu zote mbili, na huko ndiko wanakofika watu wetu kwanza. Shahidi akisema "alinipa nijenge", na kwenye kumbukumbu ikaandikwa kwamba alipewa ardhi, kesi imeshageuka. Kupewa ujenge si kupewa kiwanja. Wakili aliyesoma Kiswahili kwa makini atasimama hapo hapo, mwingine atapitiliza.

Mama ana hoja yake, tena nzito. Shahada ni miaka minne, kisha Kenya School of Law, Nairobi, kisha mitihani ya uwakili, na pesa zinatoka nyumbani. Kumwambia mtoto aongeze shahada ya pili ya historia ni kumdhihaki. Ndiyo maana mzigo huu nauweka kwa vyuo. Katika miaka hiyo hiyo minne, vinavyofundisha sheria viwe na somo la lazima la Kiswahili cha mahakamani na jingine la historia ya ardhi ya Pwani. Nafasi ipo, kinachokosekana ni heshima kwa masomo hayo.

Na wewe uliyeshika kipanya saa hii, weka sheria, mama afurahi. Kisha leo jioni keti na nyanya yako, umuulize ardhi hii ni ya nani, waliafikianaje, na risiti za kodi ameziweka wapi. Yaandike kwa maneno yake mwenyewe.