Polisi na mchezaji wa kuazima

Wadau wa Moshi, leo tuongee kuhusu Polisi Tanzania. Kijiweni kila mtu ana sababu yake ya kwa nini tulishuka daraja mwaka 2023: waamuzi, bahati, kocha. Mimi nasema tulianza kushuka siku tuliyokuwa tunashangilia.

Kumbukeni Oktoba 2019. Timu ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, inakwenda Dar, inatoka 3-3 na Yanga, na mabao yote matatu ni ya Ditram Nchimbi. Mwezi huohuo akaichezea Taifa Stars kule Sudan, akafunga la ushindi, 2-1, tukafuzu CHAN. Nilitembea kifua mbele wiki nzima!

Ila Nchimbi alikuwa wa Azam, kwetu yuko kwa mkopo tu. Dirisha dogo likafunguliwa, akatua Yanga. Walewale aliowatungua. Simlaumu, nani angekataa? Lakini sisi tukabaki na nini? Hata senti za kumuuza hazikuwa zetu.

Timu ya kuazima haijengeki, kila msimu unaanza upya. Majengo, Pasua na Kibosho kuna vijana. Wapeni mikataba ya miaka mitatu, wafungwe nne pale Ushirika, wajifunze.

Tatizo ni uvumilivu, na hapo mashabiki tuna kesi. Yanga ilipokuwa inakuja Ushirika, wenyeji wangapi walivaa kijani na njano? Mimi mwenyewe hiyo jezi ninayo kabatini.