Mwenye Kumdai Marehemu na Aje

Katika miji yetu ya pwani, maiti akishafukiwa na talakini ikasomwa, husimama mzee mmoja wa ukoo kabla watu hawajatawanyika, akatangaza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwenye kumdai marehemu na aje kwa wenyewe, na mwenye kudaiwa naye vilevile ajitokeze. Maneno haya ni machache, na aghalabu husemwa huku wasikilizaji wakikung'uta mchanga miguuni; lakini ni ahadi nzito, kwa kuwa hutolewa mbele ya mashahidi na kaburi likingali bichi. La kusikitisha ni kwamba katika nyumba nyingi ahadi hiyo haidumu hata matanga yakaanuliwa. Mwana mkubwa huwa amekwisha kushika funguo, ami huwa ameichukua hati ya shamba kwa kisingizio cha kuihifadhi, binti aliyeolewa mbali huambiwa asubiri. Na yule mdai aliyeitikia mwito hugeuzwa adui, akaambiwa kuwa ana roho ya jiwe, adai hata machozi hayajakauka.

Sisi tunaona kuwa ugomvi mwingi wa mirathi hauzaliwi na uchache wa mali, bali huzaliwa na haraka ya kugawa kisichokuwa chetu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Kurani inapozitaja sehemu za watoto, wazazi, mume, mke na ndugu, huweka sharti kwamba mgawo huo uwe baada ya wasia na deni; na sharti hilo limekaririwa mara nne katika aya mbili tu, kana kwamba Mola alijua ni mahali gani waja wake watajifanya wamesahau. Mafakihi nao wakaupanga utaratibu wake: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi ya kilichobaki, na mwisho ndipo warithi waitwe warithi.

Natutoe mfano. Tuseme mtu amefariki na wazazi wake wametangulia, akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja, na mali yake yote ikathaminiwa kuwa shilingi 40,000,000. Maziko yamechukua 1,000,000, madeni yaliyothibitika ni 13,000,000, na ameusia 2,000,000 zitengeneze kisima cha msikiti. Zinazorithiwa, basi, si 40,000,000 bali ni 24,000,000: mke hupata thumni, yaani 3,000,000, mwana wa kiume 14,000,000, na binti 7,000,000. Lau watu hawa wangaligawana siku ya tatu, kila mmoja angaliondoka na fungu kubwa na furaha fupi, na baada ya miezi michache wangaliambiana warudishe fedha zilizokwisha kuliwa. Hapo ndipo ndugu hupelekana kwa kadhi na kuapizana watoto wa tumbo moja.

Tena, katika madeni hayo limo moja ambalo jamaa hulipita kwa makusudi, nalo ni mahari ya mjane. Mahari iliyoahidiwa siku ya nikahi na isilipwe haifi pamoja na mume. Ni deni juu ya mali yake kama deni la mwenye duka. Mjane, basi, huingia katika hesabu hii mara mbili: kwanza akiwa mdai, alipwe mahari yake kamili, kisha akiwa mrithi, apewe fungu lake. Wala vitu alivyovinunua kwa jasho lake, au alivyopewa na wazazi wake, havihesabiwi kuwa mali ya marehemu. Wanaomsubiri amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi ili wamtoe na begi la nguo, hao hawagawi mirathi, wanadhulumu.

Upande wa pili kuna hofu inayowatesa watu bure, nayo ni ile dhana kwamba mwana hurithi deni la babake kama anavyorithi sura yake. Deni la maiti huikalia mali aliyoiacha, wala halimkalii mwanawe shingoni. Mali ikitosha, italipa. Isipotosha, wadai watagawana kilichopo kwa kadiri ya madai yao, na mrithi halazimiki kuuza chake. Akilipa kwa hiari ili kumwondolea mzazi wake dhima, hiyo ni fadhila yenye thawabu, lakini haidaiwi mahakamani. Aliyejitia saini kuwa mdhamini, huyo hukumu yake ni nyingine, kwa kuwa ameifanya dhima kuwa yake mwenyewe. Na kabla ya kulipa mkopo wa benki au wa chama cha akiba, warithi waulize kama ulikatiwa bima, kwani mingi hukatiwa, na bima hiyo huweza kulimaliza deni mkopaji akifa.

Sheria za serikali nazo hazikwenda mbali na haya. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hutanguliza madeni kabla ya urithi, na humhesabu kuwa mkosaji mtu anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini. Tanzania Bara, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa chini ya Sura ya 352 hutakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni katika miezi sita, na hesabu kamili katika mwaka mmoja. Msimamizi, kwa hiyo, si mrithi mkuu. Ni mtu wa amana, na funguo alizopewa ni za kutolea hesabu.

Mdai naye ana wajibu wake. Na alete bayana, ama hati ama mashahidi, na aseme kiasi bila kuongeza faida ya uchungu wake. Kwani maiti hawezi kujibu, na kumsingizia asiyeweza kujibu ni dhuluma iliyo mbaya zaidi.

Kwa nini tunayasisitiza haya? Wazee wa Unguja na Pemba waliyaona kwa macho. Mwenye shamba la mikarafuu alikuwa akikopa kwa bei ya hiyari, yaani huliuza shamba kwa sharti la kulikomboa. Akafa kabla ya kulikomboa, na warithi wakakuta wanachogombania ni kivuli cha mikarafuu, udongo una mwenyewe. Mambo yalifika hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine bila idhini. Sheria ile haikuwafundisha watu kuandika madeni yao, na asiyeandika humwachia mwanawe fumbo.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura Al-Baqara, ni ya kuandika deni. Basi ewe msomaji, usingoje maradhi. Leo jioni chukua daftari, andika unayemdai na anayekudai, kiasi na tarehe, mahari ya mkeo uliyoilipa na uliyobakiza. Weka mashahidi wawili, na uwaonyeshe mkeo na wanao daftari lilipo. Siku yako itakapofika na mzee akasimama penye kaburi lako akawaita wadai, wanao wawe na la kuwajibu.