Mchezo Ulionunuliwa

Ikiwa seremala amekuuzia bao leo, kisha baada ya miaka kumi akaingia nyumbani mwako akalichukua pamoja na kete zake, utamwitaje? Nadhani hutakwenda mbali kulitafuta neno. Walakini wako wauzaji wa michezo ya tarakilishi watendao jambo lililo ndugu ya hilo, na wanunuzi wao, wengi wakiwa vijana wa umri wako, msomaji, huzoezwa kuliona kuwa la kawaida. Mimi nasema si la kawaida, wala si la haki.

Mwezi wa Desemba 2014 kampuni ya Kifaransa iitwayo Ubisoft ilitoa mchezo wa magari ulioitwa The Crew. Mchezaji aliweza kuendesha gari katika mfano wa nchi nzima ya Marekani, toka pwani hadi pwani, pamoja na wenzake waliokuwa mbali naye. Lakini palikuwa na sharti: hata mtu aliyetaka kuendesha peke yake alilazimika kuunganishwa na seva za kampuni. Desemba 2023 mchezo uliondolewa sokoni, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Tangu hapo haukufunguka tena, kwa aliyeununua mwaka wa kwanza wala kwa aliyeununua miezi michache kabla. Mwenye diski yake kabatini alibaki na kipande cha plastiki king'aacho.

Pengine utauliza seva ni kitu gani hata iwe na nguvu hizo. Ni tarakilishi iwekwayo mahali pamoja ili iwe mwamuzi. Ubonyezapo kitufe gari ligeuke, mashine yako hupeleka habari hiyo kwa seva. Seva hukusanya habari za wachezaji wote, huamua nani yuko wapi na nani kamgonga nani, kisha huwarudishia wote hukumu moja, mara nyingi katika kila sekunde. Pasipo mwamuzi huyo kila mtu angekuwa mshindi katika skrini yake. Kazi hiyo ni ya lazima, nami sibishani nayo. Nabishana na fikira kwamba mwamuzi sharti awe mtumwa wa mwuzaji, akae kwa mwuzaji, na afe siku mwuzaji atakayo.

Zamani haikuwa hivyo. Kampuni ya id Software ya Marekani ilipotoa mchezo wa Quake mwaka 1996, iliwapa wachezaji programu ya seva pia. Yeyote mwenye mashine ya kutosha na njia ya mtandao aliweza kuwa mwenyeji wa wenzake. Desemba 1999 kampuni ikazidi ukarimu: ikatoa hadharani maandishi ya ndani ya programu ya mchezo wenyewe, ayasome atakaye na kuyatengeneza atakaye. Quake huchezwa hata leo. Wala sijasikia kwamba wenyewe walifilisika kwa sababu ya wema huo.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito mara mbili. Seva nyingi za michezo mikubwa ziko Ulaya. Nuru ndani ya nyuzi za kioo zituleteazo intaneti husafiri yapata kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyoka, na waya haunyoki: hushuka Mombasa, ukapita baharini. Basi amri ya mchezaji wetu haiwezi kwenda na kurudi chini ya sehemu 60 za elfu za sekunde, na kwa kweli huchukua zaidi. Ni kitambo kidogo, naam. Lakini katika mchezo wa shabaha chatosha kijana wa Nairobi kupigwa na adui ambaye machoni pake hajatokea bado. Hakuna fundi awezaye kuiharakisha nuru. Dawa ni kuisogeza seva, na vijana wetu wangeweza kuiweka moja Nairobi au Mombasa kama wangepewa programu yake. Hawapewi.

Mwuzaji hujitetea kwamba seva hula umeme na mishahara. Ni kweli, wala hakuna amwambiaye azilishe milele. Harakati iliyoanzishwa mwaka 2024 na Ross Scott, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipata sahihi zaidi ya milioni moja kufikia Julai 2025, haidai hivyo. Yadai kwamba aondokaye aache ufunguo mlangoni.

Hujitetea tena kwamba hakukuuzia mchezo, amekuuzia ruhusa ya kuutumia. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 inayomkataza mwuzaji kusema "nunua" pasipo kumweleza mteja kwamba apata leseni tu. Sheria njema, lakini yaponya ulimi, haiponyi mkono.

Utetezi wa tatu una nguvu kuliko hiyo miwili. Chama cha kampuni za michezo cha Ulaya kilisema mwaka 2025 kwamba seva za watu binafsi hazitakuwa na ulinzi wa habari za wachezaji wala wa kuondoa maneno machafu, na lawama yaweza kurudi kwa kampuni. Hofu hiyo siidharau. Lakini ajuaye tangu siku ya kwanza kwamba iko siku atafunga, ana miaka ya kujiandaa. Na sheria yaweza kumhamishia lawama yule aiendeshaye seva. Tena Ubisoft yenyewe, Septemba 2024, iliahidi kwamba michezo miwili iliyofuata The Crew itapewa njia ya kuchezwa pasipo mtandao. Mchezo wa kwanza haukuahidiwa kitu. Wapenzi wake, watu wa kujitolea wasio na msaada wa kampuni, walikaa wakaunda programu ya kushika mahali pa seva zilizozimwa, na mwaka 2025 magari yale yakaanza kukimbia tena.