Nabii apimwe kwa matendo, siyo kwa sauti

Kule Wagenia, wavuvi wakiinua vikapo vyao kwenye maporomoko, kila mtu anaona kama samaki wamo ao hawamo. Nabii naye apimwe hivyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inafundisha kwamba utabiri usiotimia haukutoka kwa Mungu.

Lakini mgonjwa aliyeambiwa aache dawa hana wakati wa kungoja utabiri utimie. Kwenye msitu wa Shakahola, nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Pasta Paul Mackenzie anashtakiwa kwamba aliwahimiza waamini wake wafunge hadi kufa. Yeye anakana.

Kwetu Congo, Simon Kimbangu alihubiri Nkamba miezi michache tu, mwaka 1921. Wabeljiji walimhukumu kifo, kisha kifungo cha maisha, na alifia gerezani Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Unaweza kukataa mafundisho ya Kanisa lake, lakini unabii haukumtajirisha.

Wengine watasema serikali ndiyo ichunguze. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inaomba dini ziandikishwe, na ni vizuri. Ila karatasi ya wizara haipimi unabii (na nani angependa wizara iupime?).

Kazi hiyo ni ya waamini wenyewe na ya wachungaji wa Kisangani. Waseme wazi Jumapili: anayekuomba feza kabla ya kukuombea, ao anayekukataza hospitali, msimfuate.