MAZUNGUMZO YA MWALIMU: Volti 12 Zisizo 12



Wazazi wa Bweremana hawahitaji kuambiwa kwamba watoto wao ni mafundi. Mtoto hajatimiza miaka kumi, amekwisha jichongea chukudu ya kuteremkia kilima. Lakini wakubwa wao wa sekondari hawatosheki tena na magurudumu ya mti. Wamesikia habari za roboti za Kinshasa, zilizosimamishwa njia panda mwaka 2013 kuongoza magari kwa nguvu ya jua, kazi ya mhandisi Mkongomani Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Basi nao huokota mota katika mashine zilizokufa, huzifunga chini ya kibao, na kukiamuru kigari kiende, kisimame, kigeuke.

Kati ya betri na mota hukaa kifaa kidogo, mara nyingi si kipana kuliko kidole gumba, kiitwacho kidhibiti cha mwendo. Hicho ndicho kinachoiambia mota iende pole au mbio. Juu ya kifaa hicho tunalo jambo la kukiri.

Kijana mmoja wa darasa letu alinunua kidhibiti kwa fedha alizopata kwa kubeba mizigo siku za soko. Kitu kama hicho hutoka mbali na kupitia Goma. Na tangu mapigano yalipoufikia mji ule Januari 2025, hakuna atakayekiita kitu rahisi. Baba yake ni mvuvi wa sambaza. Wasomaji wa pwani ya Ziwa Kivu wajua kwamba sambaza huvutwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi. Kwa hiyo, siku za mwezi mpevu, betri ya baba ilibaki nyumbani, na kijana aliruhusiwa kuileta shuleni. Kigari kilitembea vizuri sana. Kisha mwezi ukapungua, betri ikarudi ziwani.

Kijana akatujia: “Mwalimu, je, naweza kufunga kwenye paneli ya jua ya shule?” Tukaigeuza ile paneli, tukasoma nyuma yake: volti 12. Betri ya baba nayo iliandikwa volti 12. Tukasema, “Funga, mwanangu, ni mamoja.” Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Kabla mota haijazunguka, kidhibiti kilitoa moshi na harufu mbaya, kikafa.

Paneli ya jua iliyoandikwa 12 imeundwa kuijaza betri ya 12, na ili kuijaza yapasa iwe na nguvu kuipita. Isipobebeshwa kazi, paneli ya namna hiyo hufikia volti 21 au 22 wakati wa jua kali. Kidhibiti cha kijana yule ni cha namna iitwayo TB6612, na watengenezaji wake wameandika kwamba hakivumilii zaidi ya volti 15. Herufi zile tulikuwa nazo mkononi. Hatukuzisoma.

Siku ya tatu baba yake akaja shuleni. “Mwalimu,” akasema, “mtoto anieleza kwamba aliharibu kitu kwa kutosikia maneno yako. Nimekuja kuomba msamaha.” Tukaona aibu kubwa. Kijana alikuwa amelichukua kosa letu mgongoni mwake, kwa heshima tu, na nyumbani alikuwa amekwisha katazwa kuigusa betri. Tukamjibu mzee: “Papa, mtoto hakukosa. Ni sisi tuliomwambia afunge.” Tukamweleza habari ya paneli. Akanyamaza kitambo, akasema: “Basi, Mwalimu, ni kama kamba ya mtumbwi. Ukiichagua siku ziwa limetulia, utapotea.”

Alikuwa ametufundisha somo letu wenyewe, maana wengi hukosea hapo hapo. Hudhani kwamba kidhibiti huzipunguza volti, na kwamba mota ikienda polepole kidhibiti nacho kimepumzika. Sivyo. Mfikirie mlango wa mfereji penye mtambo wa maji, kama ule wa Matebe katika Rutshuru ulioanza kutoa umeme mwaka 2015. Ukiufungua kidogo, maji machache hupita. Lakini mlango wenyewe wasukumwa na maji yote yaliyo nyuma yake. Kidhibiti hufungua na kufunga njia ya umeme maelfu ya mara katika sekunde moja. Mota hupata sehemu tu, lakini kidhibiti husimama mbele ya volti zote, hata kama mota haizunguki kabisa.

Kwa hiyo kidhibiti huchaguliwa kwa kufuata volti za juu kabisa ambazo chanzo chaweza kutoa. Betri ya risasi iitwayo 12 ikijaa na kutulia huwa na 12.7 hivi, ingali ikijazwa hufikia 14.4. Zile seli za lithiamu zitolewazo katika kompyuta za zamani huandikwa 3.7 kila moja, lakini zikijaa ni 4.2, tatu zikifuatana zatoa 12.6. Mbili ni 8.4, na hizo zaweza kutumika na kidhibiti cha DRV8833, ambacho mwisho wake ni 10.8. Tatu zitakiua. (Na seli zilizovimba zisiletwe darasani kabisa, huwaka moto.)

Je, tununue basi kidhibiti kikubwa kuliko vyote? Wanafunzi hupenda L298, chenye bati la kupozea joto, kwa kuwa hata volti 30 hakiziogopi. Lakini chenyewe hula volti 2 hivi njiani. Mwenye betri ya volti 6 ataiachia mota 4 tu, kisha atashangaa kigari kinashindwa kupanda kizingiti. Tena, penye kifungo kidogo cha volti 5 ubaoni, yapasa kukiondoa ikiwa chanzo chapita 12.

Kuna na ampea. Mota iliyokwama hula umeme kuliko izungukayo. Pima ukinzani wake kwa mita: ikiwa ni omu 4 na betri ni volti 12, basi ikikwama yaweza kuvuta ampea 3. Hapo L298 yenye ampea 2 kwa kila upande itaungua, hata kama volti zake ni sawa. Na mota yenyewe iliyoandikwa 6 usiiweke kwenye 12 kwa kutumaini kwamba utaendesha polepole daima. Siku moja mtoto mdogo atazungusha kitufe hadi mwisho.

Kidhibiti kingine tumekinunua sisi, kwa mshahara wetu, nacho kilikawia majuma matano kufika. Mwezi ulipokuwa mpevu tena, mzee alikuja mwenyewe akiwa na betri begani. Hakukubali ifungwe mpaka kijana apime. Mita ikaonyesha 12.6. Mzee akaomba aione paneli nayo ikipimwa, juani, ikaonyesha 21.3. Akacheka, akamwuliza mwanawe nani aliyeandika 12 pale nyuma.

Juma lijalo tutasema juu ya fyuzi, kwa sababu mzee ameuliza kama kuna kitu kiwezacho kuilinda betri yake ziwani.